Kuchagua themostati ya kisasa: anza na mashine, kioo baadaye

Mwishoni mwa mwaka 2009, mpango wa Marekani wa ENERGY STAR, unaotambua vifaa vinavyookoa nishati, uliacha kuzipa nembo yake themostati za kupanga ratiba. Vifaa vyenyewe havikuwa vibovu. Tatizo ni kwamba akiba iliyotarajiwa haikuonekana kwenye matumizi halisi ya nyumba: watu walizinunua, wakazifunga, wakabonyeza kitufe cha kushikilia kiwango kimoja, na ratiba ikabaki imelala humo ndani. Nembo ilirudi mwaka 2017 kwa themostati zinazounganishwa na intaneti, safari hii kwa sharti kwamba mtengenezaji athibitishe akiba kwa takwimu za nyumba zinazotumia kifaa chake. Wastani unaotajwa na mpango huo ni takribani asilimia 8 ya gharama za kupasha joto na kupoza nyumba.

Asilimia 8 si haba, ila haitoki kwenye kioo cha kugusa. Themostati haitengenezi joto wala baridi. Ni swichi inayosoma halijoto na kuamua lini mashine iwake na lini izime. Basi maswali ya maana ni mawili: je, swichi hii inaelewana na mashine iliyopo, na je, ratiba yake itafuata maisha ya waliomo ndani? Yaliyobaki kwenye boksi yatazamwe baada ya hayo.

Mashine yako ni ya kundi gani

Kabla ya kulinganisha bidhaa, nenda kwenye themostati iliyopo ukutani, zima umeme wake kwenye breka, vua kava na utazame nyaya. Zenyewe ndizo zitakazokuambia uko wapi.

Nyaya nyembamba za rangi nyingi, zilizofungwa kwenye skrubu au klipu zenye herufi kama R, W, Y na G, ni za mfumo wa volti 24 za mkondo geu. Themostati nyingi zinazotangazwa kwa mbwembwe zimetengenezewa kundi hili: tanuru la gesi au mafuta, kiyoyozi cha kati chenye mifereji ya hewa, na pampu ya joto.

Nyaya nene, mbili au nne, zilizounganishwa kwa vifuniko vya kusokota, ni umeme mkubwa wa volti 120 hadi 240 unaokwenda moja kwa moja kwenye hita za ukutani au za sakafuni. Themostati ya volti 24 haifai hapa hata kidogo. Ukiifunga itaungua, na inaweza kuwasha moto. Tafuta iliyotengenezwa kwa volti hizo, kisha piga hesabu ya ampea: jumla ya wati gawanya kwa volti. Hita mbili za wati 1,500 kwenye volti 230 zinavuta ampea 13, kwa hiyo themostati ya ampea 16 inazibeba na ya ampea 10 haizibebi. Kwenye lebo unaweza kukuta alama kama 16(4) A. Namba ya nje ni mzigo wa hita. Ya ndani ya mabano ni ya mota na pampu, ambazo huvuta umeme kwa kishindo zinapoanza. Anayesoma namba ya kwanza tu na kuunganisha pampu kubwa hujikuta rilei, yaani swichi ya ndani, imeganda: kioo kinasema imezima, pampu bado inazunguka. Pia angalia kama themostati mpya inahitaji waya wa nyutro. Visanduku vingi vya zamani vina nyaya mbili tu na nyutro haimo.

Boila, mashine inayopasha maji ya kuzungushwa nyumbani, ni habari nyingine. Themostati ya kawaida huifungia na kuifungulia boila saketi tu, nayo boila haijui nyumba inataka joto kiasi gani. Inajua kuwaka na kuzima. Boila nyingi za kisasa zinaelewa pia lugha ya mawasiliano kama OpenTherm, inayopita kwenye nyaya mbili zisizo na chanya wala hasi. Kwa njia hiyo themostati huiambia boila ipashe maji hadi nyuzi ngapi, na siku ya baridi kidogo boila inafanya kazi polepole kwa muda mrefu badala ya kuwaka kwa nguvu zote dakika chache. Kwa boila inayokondesha mvuke hilo ndilo jambo lenyewe. Ufanisi wake unatokana na maji yanayoirudia kutoka nyumbani kuwa chini ya takribani nyuzi 55 za Selsiasi, maana hapo ndipo mvuke ulio kwenye moshi hugeuka maji na kuachia joto lake. Ukifunga themostati ya kuwasha na kuzima tu kwenye boila ya namna hiyo, umenunua ufanisi na kuuacha kwenye kabati. Soma kitabu cha boila kujua inaongea lugha gani. Baadhi ya watengenezaji wana lugha yao wenyewe na hawaikubali nyingine.

Viyoyozi vya ukutani vinavyotumia rimoti havina terminali (sehemu za kufungia nyaya) za R na Y. Kompresa yake hubadili kasi, na bodi ya ndani huongea na ya nje kwa namna ya mtengenezaji mwenyewe. Unachonunua hapo ni kifaa kinachotuma mawimbi ya infraredi kama rimoti, na udhaifu wake unafaa ujulikane mapema: mawasiliano ni ya upande mmoja. Kifaa kinatuma amri bila kujua kama imepokelewa, na mtu akibonyeza rimoti ya kawaida, programu ya simu inaweza kuendelea kuonyesha kwamba kiyoyozi kimezimwa huku kinapuliza. Hakikisha modeli ya kiyoyozi imo kwenye orodha ya kifaa hicho, na kwamba kiyoyozi hurudi kwenye hali yake ya awali umeme ukikatika na kurejea. Kuna pia adapta za kufunga themostati ya waya kwenye viyoyozi hivi. Zinafanya kazi, lakini mara nyingi unaishia kuigeuza mashine ya kasi nyingi kuwa ya kuwaka na kuzima, hasara ambayo wauzaji hawaitaji.

Makundi mawili yaliyobaki ni madogo. Baadhi ya hita za ukutani na meko za gesi huzalisha umeme wao wenyewe, takribani milivolti 750, na hazina chochote cha kulisha kioo wala waifai. Hizo zinataka themostati ya betri iliyoandikwa wazi kwamba inakubali milivolti. Na mifumo ya bei kubwa yenye nyaya tatu au nne zilizoandikwa A, B, C, D au 1, 2, 3, 4 huwasiliana kwa data. Hiyo haibadilishiwi themostati ya jumla bila kupoteza kasi zake. Baki na ya mtengenezaji.

Waya wa C

Kwenye mfumo wa volti 24, malalamiko mengi ya “themostati mpya mbovu” yanaanzia hapa. R huleta umeme kutoka kwenye transfoma. Themostati ikitaka joto huunganisha R na W. Ikitaka baridi, R na Y. Ikitaka feni, R na G. Themostati ya zamani haikuhitaji zaidi ya hayo, kwa sababu yenyewe haikula umeme, au ilikula wa betri. Yenye waifai inataka umeme saa zote, na ili umeme uzunguke lazima uwe na njia ya kurudi kwenye transfoma. Njia hiyo ndiyo C.

Bila C, baadhi ya themostati hudokoa umeme kidogo kupitia saketi ya W au Y wakati mashine imepumzika. Kwenye bodi nyingi hilo linapita. Kwenye nyingine, mkondo huo mdogo unatosha kuitekenya rilei: utasikia mlio wa tiki-tiki usiku, feni itajiwasha, au betri ya ndani itaisha katikati ya wiki ya joto na kioo kuzimika. Mtu hurudisha kifaa dukani, akapewa kingine, nacho kikafanya vilevile.

Kabla ya kukata tamaa, vuta kebo kidogo kutoka ukutani. Mara nyingi kuna waya wa ziada uliokunjwa nyuma, haujaunganishwa popote. Ukiupata, kazi ina ncha mbili: upande wa themostati na upande wa bodi ya mashine, kwenye terminali ya C. Kuufunga ukutani peke yake hakubadilishi chochote, na hili ni kosa la kila siku. Ukishaunganisha, weka multimita kwenye volti za mkondo geu kati ya R na C. Unatarajia 24 hadi 28.

Kama hakuna waya wa ziada, kuvuta kebo mpya ndiyo tiba safi, na ukivuta, vuta yenye nyaya nane hata kama leo unahitaji tano. Njia ya pili ni kiongezi kinachofungwa karibu na bodi ya mashine, ambacho hubana ishara mbili kwenye waya mmoja na kuuacha mwingine uwe C. Themostati kadhaa huja nacho kwenye boksi, lakini kimetengenezwa kwa themostati hiyo tu. Ya tatu ni transfoma ndogo ya volti 24 ya kuchomeka kwenye soketi, na waya unaoonekana ukutani. Ya nne ni kuugeuza waya wa G kuwa C. Hii ni bure, ila utapoteza uwezo wa kuwasha feni peke yake, na ni lazima uunganishe Y na G kwa kipande cha waya kwenye bodi, la sivyo kompresa itawaka bila feni na koili ya ndani itaganda barafu.

Rangi zisikudanganye. Kuna desturi ya nyekundu kwa R, nyeupe kwa W, njano kwa Y na kijani kwa G, lakini fundi aliyepita alitumia waya aliokuwa nao. Fuata herufi ilipofungwa, na kwa C fuata hadi kwenye bodi.

Pampu ya joto inahitaji umakini zaidi

Pampu ya joto ni kiyoyozi kinachoweza kugeuka, na kinachogeuza ni valvu moja inayoamriwa na waya wa O au B. Kwa O, valvu hupewa umeme wakati wa kupoza. Kwa B, wakati wa kupasha. Themostati za kisasa zina terminali moja ya O/B na swali moja kwenye mipangilio. Ukijibu vibaya, nyumba itapozwa unapoomba joto, na tiba ni kurudi kwenye mipangilio kubadili jibu. Hatari iko kwingine: wapo watengenezaji walioandika B kwenye waya ambao kazi yake ni C. Ukiona O na B zote mbili zina nyaya, simama. Fuatilia B hadi kwenye mashine kabla hujaichomeka popote.

Jambo la pili ni hita ya msaada. Hizo ni hita za umeme ndani ya mashine, zinazoingia pampu inapozidiwa. Pampu yenyewe hutoa joto mara mbili hadi nne ya umeme inaotumia, kutegemea baridi ya nje. Hita ya msaada hutoa sawa na inachotumia. Sasa fikiria ratiba inayoshusha nyumba nyuzi 5 usiku na kuitaka irudi saa kumi na mbili asubuhi. Themostati isiyojua inashughulika na pampu huona pengo kubwa, inawasha hita ya msaada, na akiba ya usiku kucha inaliwa kwa saa moja. Kwa mwenye pampu ya joto, basi, kipengele cha kudai kuliko vyote ni uwezo wa kuzuia hita ya msaada halijoto ya nje ikiwa juu ya kiwango unachochagua, kwa kihisi cha nje au kwa taarifa za hali ya hewa za mtandaoni. Kipengele hicho kikiwapo, shusha utakavyo na uipe muda wa kurudi taratibu. Kisipokuwapo, punguza nyuzi 1 au 2 tu, au usipunguze kabisa.

Na hakikisha hatua za mashine, yaani viwango vyake vya nguvu, zinahesabika. Kama una W2 (hatua ya pili ya joto), Y2 (hatua ya pili ya baridi) au Aux (hita ya msaada) kwenye themostati ya zamani, mpya iwe na terminali hizo zote. Zipo za bei nafuu zinazoishia hatua moja, na hatua ya pili ya mashine inabaki bila mtu wa kuiamuru.

Ratiba, yaani akiba yenyewe

Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kurudisha themostati nyuma kwa nyuzi 4 hadi 5.5 za Selsiasi, saa 8 kwa siku, kunaweza kuokoa hadi asilimia 10 kwa mwaka. Kuna imani iliyozoeleka kwamba kupasha upya nyumba iliyopoa kunakula zaidi ya kilichookolewa. Si kweli kwa tanuru, boila au kiyoyozi cha kawaida. Nyumba hupoteza joto kama ndoo iliyotoboka: ikiwa na maji mengi, yanatoka kwa kasi. Tofauti kati ya ndani na nje ikipungua, joto linalovuja linapungua kila dakika inayopita, na unapopasha tena unarudisha lile lililopungua tu. Ubaguzi ni ule wa pampu yenye hita ya msaada.

Imani nyingine ni kuweka nyuzi 16 ili chumba kipoe haraka. Kwa mashine ya kasi moja haisaidii. Swichi ikishawasha imewasha, na mashine itakimbia kwa mwendo uleule hadi ipite kiwango ulichokitaka. Kwa mashine ya hatua mbili au ya kasi nyingi pengo kubwa huamsha nguvu zaidi, hivyo kuna ukweli kidogo, ila unalipia.

Upangaji wenyewe huja kwa namna tatu kuu. Ya 5-2 ina ratiba moja ya siku tano na nyingine ya siku mbili. Ya 5-1-1 hutenganisha siku mbili za mwisho. Ya siku 7 humpa kila siku ratiba yake. Anayefanya kazi kwa zamu anahitaji ya siku 7. Familia yenye wiki inayofanana haihitaji zaidi ya 5-2, na urahisi wa kuipanga utaifanya itumike. Vipindi vya kawaida ni vinne: kuamka, kutoka, kurudi, kulala. Jaribu jambo moja kabla ya kulipa: badilisha muda wa kuamka wa siku moja ukiwa na kifaa au programu yake mkononi. Ikikuchukua zaidi ya dakika moja kuielewa, utaishia kwenye kitufe cha kushikilia kama wale wa kabla ya 2009.

Kuhusu kushikilia, tofautisha aina mbili. Ya muda hudumu hadi kipindi kinachofuata cha ratiba. Ya kudumu haina mwisho. Themostati nzuri hukuruhusu kuamua kwamba kila badiliko la mkono liwe la muda.

Zinazojifunza zenyewe hutazama unavyobadilisha kiwango na kutambua kama kuna mtu, kisha hujenga ratiba. Zinafaa nyumba yenye mwenendo. Nyumba ambayo watu wawili wanapishana kuipandisha na kuishusha huipa kifaa masomo yanayopingana, na ratiba inayotoka hapo haimridhishi yeyote. Zinazofuata simu hutumia mahali simu ilipo: wote wakitoka nje ya duara lililowekwa kuzunguka nyumba, nyumba huenda kwenye hali ya kutokuwepo. Mtoto au mzee asiye na simu hahesabiki, kwa hiyo iunganishe na kihisi cha kutambua watu au usiitumie.

Upashaji wa chini ya sakafu wa maji kwenye zege una sheria yake. Zege nzito huchukua saa nyingi kupata joto na saa nyingi kulipoteza, kwa hiyo kupandisha na kushusha kila siku hakuna faida ya maana. Hapo tafuta themostati yenye kihisi cha sakafu na kikomo. Watengenezaji wengi wa sakafu za mbao hutaka usizidi nyuzi 27 hadi 29.

Mahali penye unyevu mwingi, usiache nyumba ipate joto kiholela wakati hakuna mtu, kwani ukungu hauhitaji siku nyingi. Themostati inayopima unyevu inaweza kuendelea kupoza kidogo chini ya kiwango, kwa kawaida hadi nyuzi 1.5, ili kukausha hewa. Na feni iache kwenye “otomatiki”. Ikizunguka muda wote, maji yaliyokusanyika kwenye koili hurudi hewani kabla hayajatiririka kwenye bomba.

Ukuta na vihisi

Themostati husoma halijoto ya pale ilipo, basi. Mahali pazuri ni ukuta wa ndani, mita 1.5 kutoka sakafuni, mbali na jua, mlango wa nje, tundu la hewa ya kiyoyozi, televisheni na taa. Kasoro inayosahaulika iko nyuma yake: tundu la kebo. Hewa ya ndani ya ukuta hupanda na kutoka hapo moja kwa moja kwenye kihisi, na themostati husoma joto la dari au baridi ya sakafu ya chini. Ziba tundu hilo kwa putti au povu lisilotanuka.

Vihisi vya ziada vya vyumbani vinasaidia kama unajua vinachofanya. Vinaweza kutoa wastani wa vyumba, au kufuata chumba chenye watu, au kufuata chumba cha kulala usiku peke yake. Haviwezi kuelekeza hewa. Kama mashine ni moja na mifereji ni mmoja, kihisi kilichowekwa kwenye chumba chenye joto kitapoza chumba hicho na kugandisha kingine. Mapungufu ya mifereji hutatuliwa kwenye mifereji, kwa milango ya kugawa hewa na themostati kwa kila eneo.

Mipangilio ambayo fundi huiruka

Ndani ya menyu ya ufungaji kuna swali la mizunguko kwa saa, yaani mashine iwake mara ngapi ndani ya saa moja. Themostati nyingi huanza na makadirio ya tanuru la kawaida, mizunguko 5 au 6. Tanuru la ufanisi wa asilimia 90 na zaidi, mfumo wa maji ya moto, na kompresa huwekwa 3. Mfumo wa kupasha kwa mvuke huwekwa 1. Hita za umeme huweza kuwekwa 9. Ukiacha 5 kwenye kompresa, itawaka na kuzima mara nyingi kupita inavyopaswa, na kila kuwaka ni msukosuko kwa mota. Baadhi ya vifaa havina swali hilo. Vina tofauti ya nyuzi kati ya kuwaka na kuzima. Nusu nyuzi ni mahali pazuri pa kuanzia. Kama mashine inakaa chini ya dakika kumi kila inapowaka, ipanue.

Usiguse ulinzi wa kompresa, ambao kwa kawaida ni dakika 5 za kupumzika. Ndani ya dakika hizo shinikizo la gesi pande mbili linasawazika. Kompresa ikianza mapema inasukuma dhidi ya shinikizo kubwa na inaweza kuangusha breka. Kwa hiyo umeomba baridi na hakuna kinachotokea? Subiri dakika tano kabla ya kufungua chochote.

Intaneti ikikatika, au kampuni ikichoka

Waulize wauzaji maswali matatu. Ratiba imehifadhiwa ndani ya kifaa au kwenye seva? Je, vitufe vya ukutani vinafanya kazi zote bila intaneti? Na kinaunganishwa na mifumo mingine kwa kiwango cha wazi kama Matter, kilichotolewa mwaka 2022, au kupitia programu ya mtengenezaji peke yake? Swali hili si la nadharia. Tarehe 25 Oktoba 2025, Google iliacha kuzihudumia themostati zake za Nest Learning za kizazi cha kwanza na cha pili, zilizotoka 2011 na 2012. Ukutani ziliendelea kufanya kazi, lakini simu haikuweza tena kuziongoza. Mashine inayoamriwa inaweza kudumu miaka 15. Kifaa chenye programu kina umri wa programu yake.

Vifaa vingi hutumia waifai ya 2.4 GHz tu, hivyo ruta iliyounganisha masafa yote chini ya jina moja wakati mwingine huvuruga usajili wa kwanza. Akaunti iwe na nenosiri la peke yake na uthibitisho wa hatua mbili, maana ratiba yako inasema lini nyumba haina mtu. Na kama umejiunga na mpango wa kampuni ya umeme unaorekebisha themostati saa za matumizi makubwa, tafuta mahali pa kukataa siku moja moja kabla siku hiyo haijafika.

Siku ya kufunga

Zima breka ya mashine na ya kompresa, uthibitishe kwa testa. Piga picha ya nyaya zikiwa zimefungwa, ubandike lebo kwa herufi ya terminali. Zungushia kebo kwenye penseli isije ikatumbukia ukutani. Kama themostati ya zamani ina chupa ndogo ya kioo yenye kitu cha fedha kinachotembea, hiyo ni zebaki, takribani gramu 3. Isitupwe kwenye taka za kawaida, ipelekwe kunakopokewa taka hatarishi.

Menya waya milimita 6 hadi 8. Zaidi ya hapo shaba inachungulia nje na kugusa jirani yake. R ikigusa C umeme ukiwepo, fyuzi ya ampea 3 au 5 kwenye bodi inaungua papo hapo, na kioo hakitawaka. Ndiyo maana akiba ya fyuzi moja, ya aina ileile ya magari, inafaa iwe mfukoni kabla ya kuanza. Kama ulikuwa na Rc (R ya kupoza) na Rh (R ya kupasha) zimeunganishwa kwa kipande cha waya, soma kitabu cha mpya: nyingi hufanya hilo zenyewe ndani. Kama Rc na Rh zina nyaya mbili tofauti kutoka kwenye transfoma mbili, usiziunganishe kamwe.

Washa, jibu maswali ya mipangilio, kisha jaribu kila hatua peke yake: feni, joto, hatua ya pili, baridi, hita ya msaada. Kupoza usijaribu kukiwa na baridi kali nje, kompresa haipendi.

Kioo kikiwa cheusi, anza na fyuzi. Kisha angalia kifuniko cha tanuru, kwa sababu nyuma yake kuna swichi ndogo ya usalama na kikikaa upande kinakata umeme wote. Kama mambo yalikwenda vizuri siku kadhaa na kioo kikazimika kipindi cha joto kali, chungulia sinia la maji chini ya koili ya ndani. Mifumo mingi ina swichi ya kuelea humo inayokata R maji yanapopanda, na hapo kinachotakiwa ni kuzibua bomba la maji, si kurudisha themostati dukani.